Damu Ilichukuliwa Saa Ngapi?

Kila anayesikia kwamba niliwahi kupima kilevi kwenye damu za madereva huniuliza swali lilelile: mtu akinywa chupa ngapi ndipo anakuwa na kosa? Huwa silijibu. Miaka yote niliyokaa maabara, na mara zote nilizopandishwa kizimbani kueleza nilichokiona kwenye mashine, sikuona kesi iliyoamuliwa kwa idadi ya chupa. Nilichoona kikiamua kesi ni saa. Gari lilisimamishwa saa ngapi, funda la mwisho lilimezwa saa ngapi, damu ilichukuliwa saa ngapi, na nani alizinukuu hizo saa kabla kumbukumbu hazijaanza kujitengenezea hadithi.

Mara ya kwanza kutoa ushahidi nilikwenda nimejiandaa kufundisha kemia. Wakili wa utetezi, mzee mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa na maswali machache. "Shahidi, ulimwona mshtakiwa akiendesha gari?" Hapana. "Ulimwona akinywa?" Hapana. "Kwa hiyo unachojua wewe ni kwamba ulipokea kichupa chenye damu, na damu hiyo ilikuwa na kilevi." Ndiyo, wakili. Akashukuru, akakaa. Mwendesha mashtaka alikunja uso, lakini mimi niliona mzee yule amesema kweli tupu. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha, bila kuacha shaka la msingi, kwamba mtu huyu ndiye aliyekuwa akiendesha, kwamba alikuwa mahali ambapo sheria ya barabarani inafika, na kwamba *wakati huo* kilevi kilikuwa mwilini mwake kwa namna inayokatazwa. Kichupa changu kiligusa jambo la mwisho tu, tena kwa upande mmoja: kilieleza hali ya damu ilipotoka mkononi. Mahakama ilitaka kujua hali yake ilipokuwa nyuma ya usukani.

Kati ya nyakati hizo mbili kuna pengo, na sehemu kubwa ya sheria za ulevi barabarani ni juhudi za kuliziba.

Kwanza lazima mtu ajue ameshtakiwa kwa kosa gani, maana yako mawili na watu huyachanganya, mawakili wakiwemo. Moja ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Jingine ni kuendesha ukiwa na kilevi kilichozidi kikomo, hata kama unanyoosha mstari barabarani. Kosa la kwanza huuliza ulikuwa katika hali gani. La pili huuliza ulikuwa na kiasi gani. Mnywaji wa miaka mingi anaweza kuwa na miligramu 150 za kilevi katika mililita 100 za damu na bado akamjibu askari kwa adabu, akatoa leseni bila kupapasa mifuko. Kosa la pili linamnasa huyo. Kijana asiyezoea anaweza kuyumba akiwa na miligramu 45 tu. Katika nchi yenye kikomo cha 80 kosa la pili halimgusi, ila la kwanza bado linamngoja.

Kosa la kwanza ndilo kongwe. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1872 iliyokataza kulewa huku unasimamia gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au injini ya mvuke. Mwaka 1897 dereva wa teksi ya umeme jijini London, George Smith, alitozwa faini baada ya kuligonga jengo akiwa amelewa. Hapakuwa na kifaa cha kumpima. Ushahidi wa enzi zile ulikuwa macho na pua za watu: alinuka, alipayuka, aliyumba. Norway ndiyo iliyotangulia kuiweka namba ndani ya sheria, mwaka 1936, kwa kikomo cha nusu gramu ya kilevi katika kila kilo ya damu. Uingereza ilifuata mwaka 1967 na miligramu 80 kwa mililita 100. Uskoti iliishusha kuwa 50 mwezi Desemba 2014. Sweden imekuwa chini ya hapo sana, gramu 0.2 kwa kilo, tangu 1990. Marekani majimbo yote yalifika kwenye 80 kufikia mwaka 2005, kisha Utah ikashuka hadi 50 mwishoni mwa 2018.

Nimezitaja namba hizi zote kwa sababu watu hudhani kikomo ni mpaka wa kimaumbile, kwamba ukiwa na 79 ubongo uko salama na ukifika 81 umeharibika. Kikomo ni uamuzi wa wanasiasa. Umejengwa juu ya utafiti, ni kweli: ule mashuhuri wa Grand Rapids, Michigan, wa miaka ya 1960 ulilinganisha madereva waliopata ajali na wengine waliosimamishwa mahali palepale bila ajali, ukaonyesha hatari ikipanda kadiri kilevi kinavyopanda. Utafiti ulionyesha mteremko. Mahali pa kuchora mstari kwenye mteremko huo pakachaguliwa na mabunge, kila moja kwa ujasiri wake.

Kenya ilionyesha waziwazi kinachotokea makosa haya mawili yakivaana. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kwamba kanuni za kipimapumzi zilikuwa zimevuka mipaka ya sheria mama. Sheria ya Trafiki ilimzungumzia dereva aliyelewa hadi kushindwa kulimudu gari, ilhali kanuni zilizotungwa chini yake zilimtia hatiani kwa kuzidi kiwango tu. Niliposoma habari ile niliikumbuka kesi moja niliyoitwa. Namba niliyokuja nayo ilikuwa 96, mashine ilikuwa imefanya kazi yake, sampuli haikuwa na doa. Lakini hati ya mashtaka ilidai kosa la kushindwa kulimudu gari, na askari aliyemkamata, alipoulizwa na utetezi dereva alikuwa akitembeaje, akajibu kwa uaminifu: "Alikuwa anatembea vizuri." Akaachiwa. Mwendesha mashtaka alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeandika ile hati.

Kuanzia hapo nilianza kuheshimu daftari la askari kuliko nilivyofundishwa. Sisi wa maabara tuna kiburi chetu. Tunaamini namba haisemi uongo na maneno ya watu ni porojo. Lakini sikiliza tofauti. Askari mmoja anasema: "Alikuwa amelewa chakari, macho mekundu, pombe inanuka." Mwingine anasema: "Saa nne na dakika kumi usiku gari lilivuka mstari wa katikati mara mbili. Nilipoomba leseni alinipa kadi ya benki, nilipomrudishia akanipa ileile tena." Wa kwanza ametoa maoni, macho huwa mekundu kwa vumbi, usingizi na kilio. Wa pili ameiweka mahakama kando ya barabara. Kuhojiwa maswali ya dodoso hakumsumbui, kwa kuwa hana cha kutetea ila alichokiona.

Ndivyo ilivyo pia kwa vile vipimo vya barabarani. Vinavyotumika sana vilifanyiwa utafiti Marekani kuanzia miaka ya 1970, ni vitatu: kufuatilia kalamu kwa macho, kutembea hatua tisa kisigino kikigusa vidole kisha kugeuka na kurudi, na kusimama kwa mguu mmoja. Cha macho ndicho ninachokithamini, kwa sababu mboni kutikisika inapokwenda pembeni si jambo mtu anaweza kulizuia kwa kujikaza. Ila zipo dawa na maradhi yanayoleta mtikisiko huohuo. Viwili vilivyobaki vinahitaji magoti mazima, viatu vya maana, ardhi tambarare na mtu asiyetetemeka kwa hofu. Askari akisema "alifeli" hajasema kitu. Aseme alitoka nje ya mstari hatua ya nne, akainua mikono, akasahau kugeuka. Tena vipimo hivi, sehemu nyingi, kazi yake ni kumpa askari sababu ya kumpima mtu kwa kifaa. Havikukusudiwa kuibeba kesi peke yake.

Pumzi nitaipitia haraka, haikuwa fani yangu. Rolla Harger wa Chuo Kikuu cha Indiana alitengeneza kifaa cha mwanzo miaka ya 1930, na Robert Borkenstein, aliyetokea polisi wa jimbo hilohilo, akaja na chake mwaka 1954, kidogo na chepesi kukitumia. Msingi ni kwamba kilevi hupenya kutoka kwenye damu kuingia hewani ndani ya mapafu kwa uwiano unaojulikana. Mashine nyingi huchukulia kwamba kilevi kilichomo katika mililita 2,100 za pumzi ya ndani ni sawa na kilichomo katika mililita moja ya damu. Binadamu hawafanani, kwa hiyo uwiano huo huwapendelea wengine na kuwaonea wachache kidogo. Nchi nyingi zimelikwepa tatizo kwa kuweka kikomo cha pumzi chenyewe: Uingereza ni mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, na hapo hakuna haja ya kuigeuza iwe damu.

Mambo ya kuuliza ni haya. Je, mtu aliangaliwa kwa dakika 15 kabla ya kupuliza, bila kunywa, kucheua wala kutapika? Kilevi kilichobaki kinywani, hata cha dawa ya kusukutulia, huipandisha namba juu sana kisha huyeyuka ndani ya muda huo. Je, alipuliza mara mbili na vipimo vikakaribiana? Sheria ya Uingereza huchukua kilicho chini kati ya viwili. Je, mashine ilihakikiwa lini kwa mchanganyiko wa kilevi unaojulikana kiasi chake? Na je, namba iliyoletwa mahakamani ilitoka kwenye mashine ya kituoni, au ni ya kile kidude cha mkononi cha barabarani? Kidude hicho kwa kawaida hutosha kumkamata mtu tu.

Sasa damu.

Sampuli nzuri huanza na pamba. Ngozi isafishwe kwa dawa isiyo na kilevi. Majaribio yanaonyesha kwamba pamba yenye spiriti, ikitumiwa vizuri, huongeza kiasi kidogo mno au haiongezi kitu, lakini wakili yeyote mwenye akili atalishika jambo hilo na kulizungusha nusu saa, kwa hiyo afadhali lisiwepo kabisa. Damu iingie kwenye kichupa chenye sodiamu floridi, ambayo huwazuia vijidudu, pamoja na dawa ya kuizuia isigande. Kichupa kikikosa floridi na kikakaa kwenye joto, hamira na bakteria zinaweza kutengeneza kilevi kipya ndani yake. Kifuniko kikilegea, kinatokea kinyume: kilevi huruka na namba hushuka. Wengi hawajui hilo. Wanadhani uzembe daima humwonea mshtakiwa, kumbe mara nyingi humwokoa.

Halafu lakiri, jina, tarehe, saa, saini. Kila mkono uliokishika kichupa uandike. Nilipokea vichupa vilivyofungwa vizuri kuliko barua ya mirathi, na nilipokea vingine vyenye jina la ukoo peke yake na tarehe iliyofutwa ikaandikwa upya. Hivi vya pili nilivipima pia, kwa sababu kazi yangu haikuwa kuhukumu, ila nilivipiga picha kwanza na kuandika kasoro juu ya fomu kwa wino mweusi. Kuna mpelelezi aliwahi kuniomba niiache kasoro, "tutamalizana hukohuko." Nilimwambia sisi hatuna huko. Mnyororo wa utunzaji ukikatika, mahakama haina njia ya kujua kama damu ile ni ya mtu aliyesimama kizimbani, hata matokeo yawe safi kiasi gani.

Upimaji wenyewe si wa ajabu. Unachukua kiasi kidogo cha damu, unaongeza kemikali nyingine ya familia ya kilevi kwa kipimo unachokijua ili iwe ya kulinganishia, unapasha joto kichupa kilichofungwa, kisha unavuta mvuke uliokusanyika juu na kuupitisha kwenye mashine ya kromatografia ya gesi. Kila dutu hutoka kwa wakati wake. Ile asetoni ya mgonjwa wa kisukari, ambayo mawakili huipenda sana, hutoka mahali pake mbali na kilevi. Unapima mara mbili, na sampuli za kuhakiki zinatangulia na kufuata. Namba hizo mbili zikitofautiana kupita kiasi kinachoruhusiwa, unaanza upya.

Palipokuwa na mtego ni kwenye matokeo yaliyotoka hospitali. Dereva kaumia, kakimbizwa wodi ya dharura, daktari kapima kilevi ili ajue dawa ya usingizi atampaje. Wiki kadhaa baadaye mpelelezi anakuja na karatasi ile: 92, kikomo 80, kesi imekwisha. Haijaisha. Maabara za hospitali kwa kawaida hupima majimaji ya damu baada ya kuondoa chembe, na majimaji hayo yana maji mengi kuliko damu nzima, kwa hiyo yana kilevi kingi zaidi. Uwiano wa kawaida ni kama 1.16 kwa moja, na hupanda na kushuka baina ya mtu na mtu. Gawanya 92 kwa 1.16 unapata 79. Nilimwonyesha mwendesha mashtaka hesabu hiyo kwa penseli kwenye ubaraza wa mahakama, akaikunja karatasi na kuomba kuahirishwa. Sheria inasema damu. Daktari alipima sehemu ya damu, kwa nia njema na kwa kazi nyingine kabisa.

Sasa tuyarudie yale masaa. Kilevi hakiingii kwenye damu kwa kishindo. Hupanda taratibu, na kilele chake huja kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya funda la mwisho, kikichelewa zaidi tumbo likiwa limejaa. Kisha ini hukipunguza kwa mwendo unaokaribia kuwa sawasawa, kati ya miligramu 10 na 25 kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Hakuna kahawa, maji baridi wala mbio za asubuhi zinazoliharakisha ini. Msweden Erik Widmark aliweka hesabu za mwenendo huu miaka ya 1920 na 1930, na fomula yake bado inatumika mahakamani.

Chukua dereva aliyegonga mti saa tatu usiku, damu ikachukuliwa saa sita, ikakutwa na 70. Ukirudi nyuma saa tatu unaongeza kati ya 30 na 75. Maana yake alipogonga alikuwa mahali fulani kati ya 100 na 145. Anaonekana chini ya kikomo cha 80, kumbe alikuwa juu. Sasa chukua mwingine aliyemaliza glasi kwa pupa, akaingia garini, akasimamishwa baada ya dakika chache. Damu yake ilichukuliwa dakika 45 baadaye ikakutwa na 86. Huyu huenda alikuwa bado anapanda. Aliposimamishwa pengine alikuwa na 60. Ukimrudisha nyuma kwa hesabu ileile ya ini utampata na 95, na utakuwa umemfunga kwa hesabu za kugeuza. Ndiyo maana kila nilipoombwa kurudi nyuma niliuliza kwanza: funda la mwisho lilikuwa saa ngapi? Likikosa jibu, nilisema mahakamani kwamba sina msingi wa kukokotoa. Mawakili wa pande zote mbili hawakulipenda jibu hilo, kila mmoja kwa zamu yake.

Sheria nyingi zimeamua kutoliacha pengo hilo mikononi mwa watu kama mimi. Uingereza huchukulia kwamba kiasi cha kilevi wakati wa kosa hakikuwa chini ya kilichokutwa kwenye sampuli. Majimbo kadhaa ya Marekani huhesabu kosa kwa sampuli iliyochukuliwa ndani ya saa mbili baada ya kuendesha. Wa 86 hapati nafuu huko. Naona ni ukali, ila ni ukali unaotangazwa mapema: anayeingia garini na glasi tumboni ambayo haijafika kwenye damu ameamua mwenyewe kuendesha kuelekea kileleni.

Hapo ndipo hadithi ya chupa ya nyumbani ilipozaliwa. Mtu kagonga ukuta, kakimbia, polisi wamemkuta sebuleni baada ya saa mbili na glasi mkononi. "Nilikunywa baada ya kufika, nilikuwa na mshtuko." Wakati mwingine ni kweli. Uingereza humtaka yeye ndiye athibitishe kwamba bila kinywaji hicho cha baadaye asingezidi kikomo, na hapo hesabu za Widmark huitwa tena: uzito wake, jinsia yake, kiasi anachodai, saa anazodai. Niliombwa kukokotoa dai la namna hiyo. Mshtakiwa alisema alikunywa glasi mbili ndogo tu akiwa nyumbani. Nikazitoa kwenye namba ya damu, na kilichobaki bado kilikuwa zaidi ya mara moja na nusu ya kikomo. Hakuwa ameifikiria hesabu hiyo alipokuwa akijitetea. Angeongeza glasi, labda angepona, na nakiri nilijiuliza ni wangapi waliozitaja nyingi zaidi.

Ziko pia kesi ambazo mwili wenyewe ndio mtuhumiwa. Mwaka 2024 mahakama ya Bruges, Ubelgiji, ilimwachia mwanamume ambaye utumbo wake hugeuza vyakula kuwa kilevi, baada ya madaktari kumchunguza na kuithibitisha hali hiyo. Ni nadra mno. Tangu habari ile isambae, nimesikia wenye utumbo wa aina hiyo wameongezeka.

Suala la nani alikuwa dereva huchukuliwa rahisi hadi siku litakapokuwa gumu. Gari limepinduka, watu watatu wako pembeni, wote wananuka. Damu ya nani nipime? Zote, bila shaka, lakini majibu matatu hayamwambii hakimu nani alishika usukani. Hilo litasemwa na alama ya mkanda kifuani, mahali kiti kilipovutwa, na waliowatoa. Na yuko aliyelala garini, kiti kimelazwa, ufunguo mfukoni. Nchi nyingi humshtaki hata huyo, kwa kuwa na gari mkononi mwake akiwa amelewa. Uingereza humpa nafasi ya kuthibitisha kwamba hakukuwa na uwezekano wa kuliendesha kabla kilevi hakijashuka. Mahali ufunguo ulipokuwa, simu aliyompigia ndugu aje kumchukua, saa ya simu hiyo: vitu vidogo hivyo nimeviona vikifanya kazi kuliko hotuba ya wakili. Japan imekwenda mbali upande mwingine. Tangu 2007 aliyempa mlevi gari, aliyempa dereva pombe na abiria aliyeomba apelekwe huku akijua, wote wana adhabu zao.

Kukataa kupimwa huonekana ujanja. Katika nchi nyingi kukataa bila sababu ya maana ni kosa lenyewe, lenye adhabu inayolingana na ya kulewa au ya kuzidi kikomo. Ninaliona ni haki, maana bila hilo kila mlevi angekataa na kungoja ini lifanye kazi. Mipaka ya kulazimisha ndiyo hutofautiana. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2013, katika kesi ya McNeely, kwamba kilevi kupungua mwilini peke yake si sababu ya kila mara ya kumchoma mtu sindano bila kibali cha hakimu, na mwaka 2016, kesi ya Birchfield, ikatenganisha: pumzi baada ya kukamatwa inaweza kuchukuliwa bila kibali, damu kwa kawaida inahitaji kibali. Sindano inaingia mwilini. Kupuliza hakuachi jeraha.

Mahakama hiyohiyo ndiyo iliyonigusa moja kwa moja, ingawa iko mbali na nilikofanyia kazi. Mwaka 2011, kesi ya Bullcoming dhidi ya New Mexico, mchambuzi aliyepima damu ya dereva hakuja mahakamani; akaletwa mwenzake aliyeijua mashine lakini hakuishika sampuli ile. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema haitoshi, mshtakiwa ana haki ya kumhoji aliyepima. Wenzangu waliona huo ni usumbufu: tukikaa mahakamani kutwa nzima, nani atapima? Mimi nilikuwa upande wa majaji watano. Mwenzangu anaweza kueleza mashine inavyofanya kazi. Hawezi kueleza kama siku ile lakiri ilikuwa nzima, au kama umeme ulikatika katikati ya upimaji na nikaanza upya. Hayo niliyajua mimi, na niliyaandika.

Ndugu zangu wanaponiuliza la kufanya mtu akishikwa, siwapi mbinu za kupona. Nawaambia wasibishane na mtu wa sindano, wasitaje kiasi walichokunywa kabla ya kuongea na wakili, waangalie saa ukutani inasema nini, na waombe sehemu yao. Sheria ya Uingereza, na za nchi nyingine, huitaka damu igawanywe mara mbili, nusu moja apewe mshtakiwa akiitaka, aipeleke kwa mpimaji wake mwenyewe. Wengi hawaombi. Wanaoomba nao wengi huiacha kwenye kabati la garini juani, kisha wanashangaa mpimaji wao anaporudisha jibu lisilofaa kwa lolote. Iwekwe kwenye friji siku hiyohiyo, na lakiri isiguswe.